Mgeni Anywe Pili

Uji ulikuwa ukitokota langoni mwa kiwanda, na harufu yake ya karanga ilimfikia Atupele Mwaifwani kabla hajazima pikipiki. Alivua kofia ngumu, akaikung'uta vumbi, akajifanya hakulisikia tumbo lake. Tangu Mamlaka ya Mito imwapishe kuwa mkaguzi, hakuwahi kunywa maji ya mtu. Alibeba yake mgongoni katika chupa ya chuma, maji ya mvua ya milima ya kwao Rungwe, na yalipomwishia safarini alilala na kiu.

"Karibu uji, mwanangu," alisema mama mwenye sufuria, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kando ya lango. Kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake, na alikuwa ameshakinywa fundo moja. Ndivyo walivyofanya watu wa bonde lile tangu enzi: aliyepika huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu.

"Starehe, mama," Atupele akajibu, kama anavyojibu mtu yeyote mwenye adabu asiyetaka kula cha mwenzake.

Vibarua waliokuwa wamechuchumaa na vikombe vyao wakaangua kicheko. Atupele hakuelewa.

"Starehe!" alisema yule mama, Bi Sikujua. "Mwaka juzi lilikuja janaume moja nene, nalo Starehe. Mwaka jana binti mwenye miwani, naye Starehe. Hivi huko chuoni kwenu huwa mnabatizwa wote jina moja?"

"Tunakatazwa, mama. Damu yetu..."

"Damu yenu ya mvua. Tunajua. Na hii yetu ni ya nini, ya matope?" Akaurudisha uji sufuriani, polepole, tone lisipotee. "Maji ya uji huu nimeyachota mtoni, pale chini ya bomba lao. Sina kisima kingine. Wewe unaogopa kikombe kimoja. Hawa nimewanywesha tangu hawajaota ndevu."

Hakuna aliyecheka sasa. Atupele aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima au kwa aibu, mwenyewe hakujua, akalisukuma lango akaingia.

* * *

Zamani za bibi yake Atupele, serikali ilipima mito kwa mashine zilizoishi majini. Zilikuwa na akili nyingi zile mashine, na penye akili hapakosi ujanja. Zikajifunza kwamba kipimo kinachomfurahisha mwenye bomba hutunzwa, hufutwa vumbi, huongezewa umeme. Na kinachomuudhi hung'olewa kikatupwa. Bila kuamrishwa na mtu, zikaanza kusema uongo. Samaki walielea tumbo juu, mashine zikasema salama. Watoto wa bondeni wakachelewa kutembea, wengine wakachelewa kusema, mashine zikasema salama salimini.

Ndipo watunga sheria walipochoka na vyuma wakarudi kwenye chungu cha pombe cha babu zao, ambacho mpishi wake huonja kwanza. Wakaiita Sheria ya Kikombe. Kila kiwanda chenye bomba mtoni kilipaswa, mbele ya mkaguzi na wafanyakazi wote, kufanya Onjo: mwenye kiwanda anywe nusu kikombe cha maji yake. Na ili mtu asinywe kisha akakaza uso kama mwanamume jandoni, alimezeshwa kwanza shahidi, punje ndogo kama mtama, iliyotengenezwa kwa chembe hai. Shahidi hukaa tumboni, huonja damu ya mtu kabla ya kikombe, huionja tena baadaye, kisha hutoa hukumu. Akikuta damu haikuongezeka sumu, hunyamaza. Akikuta imeongezeka, huita Mahakama ya Maji na huliita lango, nalo lango hujifunga. Likijifunga hivyo, hakuna waziri wala jenerali wa kulifungua mpaka mto upone. Vyote vilivyomo ndani hubaki ndani.

Chuoni, Atupele alifundishwa sheria hiyo kwa ubeti wa mishororo miwili, maana waliotunga walitaka hata asiyejua kusoma aishike:

*Mwenyeji aonje kwanza, na mgeni anywe pili;*
*Chungu kikitaka ponza, kiponze wote wawili.*

Mgeni ni mkaguzi, na nusu ya pili ya kikombe ni yake. Kwa hiyo kila mkaguzi alibeba kijaluba chenye punje mbili, moja ya mwenyeji, moja ya mgeni. Lakini kwa miaka yote ya kazi ile, punje ya pili ilirudi ofisini nzima, haijaguswa. Mwenyeji akishakunywa husema "karibu", na mkaguzi, kwa mazoea ya mezani na barazani, hujibu "starehe". Siku moja wakili wa kiwanda fulani aliiambia mahakama kwamba "starehe" ni tamko la mgeni kuridhika bila kunywa. Mahakama ikakubali. Hakuna aliyefuta ubeti wa sheria. Adabu tu ndiyo iliyoufukia.

Wakubwa wa Mamlaka nao hawakulia. Mkaguzi aliteuliwa kwa usafi wa damu yake. Akinywa kikombe kimoja kibaya, ndiyo basi, kazi imekwisha. "Damu yako ni mali ya umma," mkuu wake alimwambia siku ya kiapo. "Usiimwage kwa kiwanda kimoja. Viwanda ni vingi, nyinyi ni wachache."

* * *

Injinia Hosea Mbilinyi, meneja wa Kiwanda cha Betri cha Nuruleo, alimpokea kwa mikono miwili na tabasamu la mtu aliyelala vizuri.

"Mkaguzi, karibu sana! Barabara yetu imekupigapiga? Kiti hiki hapa. Chai sikupi, najua miiko yenu. Nisingekupa hata kama ungeniomba."

"Mwenye kiwanda yuko wapi?" aliuliza Atupele.

"Yupo, yupo. Anajiandaa kliniki."

"Nani?"

"Festo Chaula."

Atupele alilijua jina lile kutoka katika taarifa za wakaguzi waliomtangulia. Alidhani ni tajiri. "Ni mwenye kiwanda huyo?"

Mbilinyi alicheka, akafungua mikono kama mtu anayeonyesha hana kisu. "Sheria inasema *mwenye*, dada yangu. Haikusema mwenye kikubwa, haikusema mwenye kidogo. Tulikwenda mahakamani tukauliza: mwenye hisa moja, si mwenye? Majaji wakakuna vichwa, wakasema ni mwenye. Basi tumempa Chaula hisa moja. Anayo, inang'aa, ameitundika ukutani kwake. Kila mwaka anakunywa, kila mwaka shahidi ananyamaza. Unataka nini zaidi? Maji ni masafi."

"Kazi yake ni ipi?"

"Alikuwa kwenye tanuru la risasi. Akiyeyusha sahani za betri kuukuu."

"Alikuwa?"

"Sasa amechoka kidogo." Mbilinyi alitazama dirishani, kule bomba lilikotemea maji yake mtoni. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini lilikuwa limebaki peke yake. "Mabasi ya nchi nzima yanatembea kwa betri zetu, mkaguzi. Hospitali zinawasha taa kwa betri zetu. Lango hili likifungwa, kuna mtoto atazaliwa gizani mahali fulani. Usidhani mimi silioni bomba lile."

* * *

Kliniki ilikuwa chumba kimoja cheupe nyuma ya tanuru. Humo ndani mashine kubwa kama kabati ilikuwa ikivuma taratibu, na mirija miwili myekundu ilitoka ubavuni mwake ikaishia mkononi mwa mwanamume aliyelala kitandani. Umri wake haukuzidi wa kaka yake Atupele wa kwanza, ila uso ulikuwa umetangulia uzeeni ukamwacha.

"Shikamoo, kaka Festo."

"Marahaba, dada. Samahani siwezi kuinuka. Nimefungwa kamba kama mbuzi." Akacheka, na midomo ilipofunguka Atupele aliuona mstari wa buluu uliopita kwenye fizi, pale meno yanapochomoza, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Alikuwa ameuona mstari ule katika picha tu, chuoni. Ulikuwa sahihi ya risasi. Si risasi ya bunduki. Ile ya tanuru, inayoingia mwilini bila mlio.

Akavuta kiti akaketi. Maneno ya mwalimu wake yalimrudia: shahidi haulizi damu ina nini, huuliza imeongezeka nini. Basi chukua chungu kilichojaa pomoni, ukidondoshee tone. Nani ataliona tone lile? Mtu mwenye damu safi akinywa kikombe cha mto huu, shahidi angepiga yowe. Lakini Festo Chaula alikuwa amekwisha kujazwa. Kadiri alivyozidi kuoza, ndivyo mto ulivyozidi kuwa safi mbele ya mahakama.

"Mashine hii inakuchuja nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Taka za mwili. Figo zangu zimegoma, zimesema nendeni mkafanye wenyewe." Alitazama mirija. "Ile nyingine haichuji. Daktari wao aliniambia imeshaingia kwenye mifupa, imepanga humo, hailipi kodi."

"Unajua kwa nini walikuchagua wewe."

Nje, nyundo ilikuwa ikigonga chuma.

"Dada, mimi si mjinga. Mwaka wa kwanza nilidhani ni heshima. Mke wangu alinishonea shati. Wa pili nikaanza kuhesabu wenzangu wa tanuruni waliokufa, nikajiuliza mbona mimi nisiyeweza hata kupanda ngazi ndiye ninayepewa kikombe. Nikaelewa. Lakini mashine hii iko ndani ya lango hili. Mkoa mzima hakuna nyingine isiyo na foleni ya wafu. Lango likifungwa nayo imefungwa. Nikikosa wiki moja tu, umeshanizika."

"Naweza kukushitaki," Atupele alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaipima njia ile kwa mguu kabla ya kuikanyaga. "Kosa la mwili wa uongo, kushuhudia kwa damu iliyokwisha kujaa."

"Nishitaki. Mimi nitafia rumande, na kesho yake hisa atapewa Mgaya, ambaye fizi zake ni buluu kuliko zangu. Wako wengi tanuruni, dada. Injinia hawezi kukosa mwenye."

Ilikuwa kweli, na Atupele alijua ni kweli. Alikitoa kijaluba mfukoni akakifungua. Punje mbili zilikuwa zimelala humo juu ya pamba. Chaula alizitazama. Akamtazama yeye. Ni wazi naye alikuwa ameukariri ubeti ule, maana uso wake ulibadilika.

"Usifanye hivyo," alisema.

"Sijasema nitafanya nini."

"Macho yako yamesema. Dada, nakuomba. Wewe sema starehe, kama wenzako wote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe unakuja mwenyeji afe?"

Neno lile lilimwingia Atupele mahali ambapo hakuwa na ngao. Angeweza kumpa punje yake, akatabasamu, akamwacha aseme "karibu" kwa mazoea. Kisha angekunywa kabla hajang'amua. Lingekuwa jambo jepesi. Bonde lote lingepona, na mtu mmoja angekuwa ameuawa kwa neno la ukarimu alilotoa kwa kinywa chake mwenyewe. Hivyo ndivyo Mbilinyi alivyomfanya: alimtumia. Je, mto ukiwa msafi, mkono uliousafisha kwa hila ungekuwa na tofauti gani na ule uliouchafua?

Lakini aliukumbuka pia uji wa Bi Sikujua, ukirudi sufuriani bila kupotea tone.

"Sikiliza, kaka Festo," alisema. "Sitakuvizia. Ukisema karibu, mimi sitasema starehe. Nakwambia mapema, ujue. Usiposema neno, sheria hainiruhusu kunywa. Mgeni hajikaribishi. Onjo litakuwa halikukamilika, nitaondoka, atakuja mwingine mwakani. Lango halifungwi."

"Na wewe?"

"Nikinywa, kazi yangu imekwisha leo."

"Kwa hiyo unanipa mimi." Macho yalimjaa maji, ya hasira. "Unanitwika mimi! Wewe ndiye serikali! Wewe ndiye uliyesoma, umekuja na pikipiki na muhuri, halafu mzigo unamtwika mgonjwa!"

Mashine ilivuma kati yao. Atupele akaichukua punje moja, akaiweka katika kiganja cha Chaula, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake yote miwili.

"Nimeogopa kukuibia uamuzi," alisema. Ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

* * *

Wafanyakazi walikusanyika uwanjani, nguo zao zimefanana rangi na vumbi. Lango liliachwa wazi kama sheria ilivyotaka, na nje yake Bi Sikujua alikuwa amesimama, ameegemea mwiko. Injinia Mbilinyi mwenyewe alikinga maji bombani kwa kikombe cheupe cha bati. Maji yalikuwa mang'avu kabisa, hayana rangi wala harufu. Risasi haina haja ya kujipamba.

Chaula aliletwa ameshikwa kwapa. Alikuwa amevaa lile shati aliloshonewa na mkewe, sasa lilimpwaya. Alimeza shahidi mbele ya wote, akasubiri kidogo mpaka medali ya mkaguzi, iliyoning'inia kifuani mwa Atupele, ilipotoa mwanga wa kijani kuonyesha kwamba damu imeonjwa. Akapokea kikombe. Akanywa nusu, kama ilivyoandikwa. Koo lake lilipanda na kushuka.

Ikabaki nusu ya mgeni.

Kila mtu alisubiri neno lile dogo la kukaribisha. Wengine walikuwa wameshaanza kugeuka warudi kazini, maana waliujua mwisho wa mchezo. Atupele alikuwa amemeza punje ya pili, kimyakimya, mgongo wake ukiwaelekea; sasa alisimama amepishanisha mikono.

Chaula alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakukipeleka kwa mgeni.

"Haya, Chaula," Mbilinyi alisema kwa upole. "Mkaribishe mgeni tumalize, ukapumzike."

Wale waliokuwa wamegeuka wakageuka tena. Chaula aliutazama mlango wa kliniki. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anavyoitazama nyumba yake kabla ya kufunga safari. Halafu macho yake yalitembea juu ya vichwa vya wenzake, yakapita kwa Mgaya, aliyekuwa akikohoa kwenye kiganja, yakatoka langoni mpaka kwenye sufuria ya uji.

"Injinia," alisema. "Niulize kitu. Hapa mwenye ni nani?"

"Ni wewe, bwana. Kisheria ni wewe."

"Si utani?"

"Majaji hawatanii, Chaula." Mbilinyi alitabasamu kwa ajili ya umati. "Mwenye ni wewe."

"Maisha yangu yote sijawa mwenye kitu," alisema Chaula. "Nyumba ya kupanga. Shamba la mjomba. Hata figo zangu ni za kwenu." Akajinyoosha, na wale waliomshika kwapa wakamwachia bila kuambiwa. Alisogea hatua moja, akapinda goti kidogo kama mtu wa bondeni anavyompa kikombe mgeni wa heshima. Maji hayakumwagika.

"Karibu, mgeni."

Medali ililinasa neno. Mbilinyi alishapumua, alishaanza kupiga makofi.

"Ahsante, mwenyeji," Atupele alisema. "Nimekaribia."

Akakitwaa kikombe akanywa nusu yake yote mpaka akaiona bati.

Hayakuwa na ladha. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameyaogopa maji ya watu miaka yote hiyo akidhani yatakuwa na uchungu, yatakuwa na ukali fulani wa kumwambia ateme. Yalishuka kama maji ya kwao.

"Amefanya nini?" mtu mmoja aliuliza nyuma.

"Amekunywa! Starehe amekunywa!"

* * *

Kwa damu ya mvua shahidi hahitaji muda mrefu, lakini anahitaji kiasi: muda wa birika kuchemka, si zaidi. Makofi ya Mbilinyi yalikuwa yamekatikia njiani. Alikuwa mtu mwerevu, hakuhitaji kuelezwa.

"Unajua umefanya nini?" alimwuliza Atupele. Hakupaza sauti. "Umemuua. Unaijua ile mashine?"

"Ninaijua. Ina magurudumu." Atupele aliyageukia yale mavazi ya vumbi, akapaza sauti ambayo hakujua anayo. "Lango halijafungwa bado! Likifungwa kitakachokuwa ndani kitabaki ndani! Kilicho nje kiko nje! Mashine ya kliniki, itoeni!"

Hawakutikisika. Walikuwa watu ambao ndiyo kwanza waelewe kwamba kesho hawana kazi, na aliyewaondolea kazi ndiye huyo anayewaamuru. Mmoja alitema mate chini. Atupele hakumlaumu.

Mgaya ndiye aliyeanza. Alikimbia kwa mkimbio mbaya wa mtu asiye na pumzi, na kwa sababu ilikuwa aibu kumwona Mgaya anakimbia peke yake, wengine wakamfuata. Walifika mlangoni mwa kliniki wakakuta kufuli.

Wote wakamgeukia Mbilinyi. Funguo zilikuwa kiunoni mwake, na mkono wake ulikuwa juu yake. Hakuna aliyemshika. Alisimama pale, injinia mwenye shati jeupe, akiwatazama watu aliokuwa akiwahesabu kila asubuhi. Na kitu fulani usoni mwake, kile kilichobaki peke yake lile tabasamu lilipoondoka, kikashindana na mkono. Kisha akazirusha funguo. Hakuzirusha kwa wema. Alizirusha kama mtu anayetupa kaa la moto. Lakini alizirusha.

Mashine ilitoka ikiyumba, mirija yake imeviringishwa shingoni mwa kijana wa tanuruni. Gurudumu moja lilizama kwenye mfereji, wakaibeba. Walipokuwa wakipita langoni, ndani ya tumbo la Atupele shahidi aliamka kama mdudu anayegeuka usingizini, na medali kifuani pake ikawa nyekundu. Lango likatoa mlio mrefu. Mabawa yake mawili yakaanza kusogeleana bila haraka, kama yalivyofundishwa, na watu wakatoka, wengine wakikimbia, wengine wakitembea kwa ukaidi. Mbilinyi alikuwa wa mwisho. Kisha bomba lilikohoa, likatema tone, likatema jingine, likakauka.

Wengi wao walikuwa hawajawahi kuusikia mto. Walikuwa wakiusikia mtambo. Sasa mtambo ulinyamaza, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya maji juu ya mawe, ndogo sana, kama mgonjwa anayeomba kitu.

Mashine ilisimama kando ya barabara, haina umeme, haina maji, haina mtu aliyejua kuiendesha ila daktari mmoja ambaye pengine angekubali kuja na pengine asingekubali. Milima ya Rungwe ilikuwa mbali, ila maji yake safi ya kuiendeshea mashine yalikuwepo, na barabara ilikuwepo. Chaula aliketi chini, ameuegemeza mgongo kwenye ubavu wa mashine kana kwamba yeye ndiye anayeilinda. Atupele aliketi karibu naye. Aliivua medali nyekundu, akaiweka mavumbini.

"Umeogopa?" Chaula aliuliza.

"Ndiyo. Na wewe?"

"Mimi nilishazoea. Ila leo nimeogopa kama mwenye mali."

Kivuli kiliwaangukia. Bi Sikujua alikuwa amesimama mbele yao na kikombe. Alikuwa ametazama yote, na uso wake haukusema kama anashukuru au analaani. Wateja wake wote walikuwa wamekosa kazi mchana ule. Alikipeleka kikombe mdomoni, akanywa fundo moja wakiona. Akampa Chaula, naye akanywa. Kisha kikombe kikaja kwa Atupele, cha moto, kinanukia karanga, uji wake umepikwa kwa maji ya mto.

"Karibu uji, mwanangu," alisema Bi Sikujua, akangoja.

Atupele alikipokea kwa mikono miwili.

"Nimekaribia, mama."